Injinia, nivute maji mita 900 kwa paipu ya inchi ngapi?

SWALI: Shikamoo injinia. Nina shamba la kabichi na hoho huku Lushoto. Kuna chemchemi juu yangu nataka nishushe maji mpaka kwenye tenki la shambani. Umbali ni mita 900, na chemchemi iko juu ya shamba kwa mita 18. Nataka nipate lita 3,000 kwa saa. Fundi wa kwanza anasema nusu ya njia niweke paipu ya inchi 2, nusu ya mwisho inchi 1, ili maji yakiingia kwenye paipu nyembamba presha ipande. Fundi wa pili anasema niweke inchi 1 yote halafu nifunge pampu. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu halafu ndo tuingie kwenye hesabu: hao wote wawili usiwasikilize. Pampu huihitaji, na huo mpango wa inchi mbili kushuka inchi moja utakula hela na lita 3,000 hutaziona. Kwa namba ulizonipa, paipu ya HDPE (ile ya plastiki ngumu) ya milimita 50, ile madukani wanaiita inchi moja na nusu, inatosha na maji yanabaki, tena kuna namna ya kupunguza gharama hapo hapo nitakuonyesha. Ila usikimbilie dukani leo maana hiyo mita 18 yako nina maswali nayo, nitayafikia.

Maji yako hayana injini, kinachoyasukuma ni kimo tu, kwaiyo hizo mita 18 ndo mtaji wako wote. Kila mita 10 na kidogo za kimo ni bar moja ya presha, maana yake una kama bar 1.8. Tenki la juu liwe la lita 500 au la lita 10,000 haibadilishi kitu, watu wengi wanaamini tenki kubwa lina presha kubwa lakini presha haiangalii wingi wa maji, inaangalia kimo. Sasa maji yakianza kutembea, msuguano na ukuta wa paipu unaanza kula ule mtaji mita kwa mita mpaka mwisho wa safari. Hesabu yote tunayofanya hapa ni kujua tu msuguano utakula mita ngapi kwa kiasi cha maji unachokitaka. Ikitoka chini ya 18, maji yanafika na ziada. Ikitoka zaidi ya 18, haiwezekani, na maji hayasimami ila yanajipunguza yenyewe, yanatembea polepole mpaka msuguano ushuke ulingane na hizo 18. Ndo unakuta mtu analalamika "maji yanatoka ila kidogo".

Ndo maana pia usikubali mtu akufungie koki ya chini, aweke geji, isome 1.8 halafu akwambie presha ipo. Koki ikifungwa maji yamesimama, msuguano hakuna, geji itasoma 1.8 hata kama umevuta kwa mpira wa nusu inchi. Mwambie afungue koki kabisa muangalie mshale unavyoanguka.

Haya, hesabu yenyewe. Fomula ni ya Darcy na Weisbach. Darcy alikuwa injinia Mfaransa, ndo aliwapelekea watu wa mji wa Dijon maji ya chemchemi mwaka 1840, baadae akafanya majaribio mengi ya msuguano kwenye paipu, na Weisbach Mjerumani mwaka 1845 akaiandika fomula kwa umbo tunalotumia mpaka leo:

upotevu (mita) = f × (L ÷ D) × (v² ÷ 19.62)

L ni urefu wa paipu kwa mita, D ni kipenyo cha ndani kwa mita, v ni spidi ya maji kwa mita kwa sekunde, f ni namba ya msuguano ambayo tutaitafuta. Ile 19.62 ni mvutano wa dunia, 9.81 mara mbili.

Kwenye D ndo wengi wanapoteleza. HDPE inaitwa kwa kipenyo cha NJE. Ya 50 ya PN10 (yaani inayobeba presha mpaka bar 10) ina ukuta wa milimita 3, toa 3 kila upande, ndani inabaki 44. Ya 40 ndani ni 35.2. Ya 32, hiyo wanayoiita inchi moja, ndani ni 28. Na hizi ni za plastiki ya daraja la PE100, zile za PE80, plastiki yenye nguvu kidogo, ukuta ni mnene zaidi na tundu ni dogo zaidi, kwaiyo nenda dukani na rula upime tundu kwa macho yako, jina la inchi lisikudanganye. Milimita tatu nne hapa ni hela nyingi sana, utaona.

Tufanye ya 50. Lita 3,000 kwa saa gawa kwa 3,600 unapata lita 0.833 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 0.000833. Eneo la tundu: 3.14 × 0.022 × 0.022 = 0.00152. Spidi ni 0.000833 ÷ 0.00152 = 0.548, nusu mita kwa sekunde, taratibu kabisa. Sasa tunatafuta namba ya Reynolds, yule Osborne Reynolds wa Manchester ambae mwaka 1883 alipitisha rangi kwenye maji ndani ya bomba la kioo akaona kuna wakati inaenda mstari mmoja umenyooka na kuna wakati inavurugika yote. Unachukua spidi mara kipenyo, unagawa kwa 0.000001, ambao ndo unato (jinsi maji yanavyojivuta yakitembea) wa maji ya nyuzi 20, na maji ya milimani huko kwenu hayako mbali na hapo. 0.548 × 0.044 ÷ 0.000001 = kama 24,000. Chini ya 2,000 maji yametulia, ukishavuka 4,000 ni vurugu, na paipu za maji za kawaida karibu zote ziko kwenye vurugu.

Kwa paipu laini kama plastiki, f inapatikana kwa njia rahisi ya Blasius ya mwaka 1913: 0.316 gawa kwa kipeuo cha nne cha Reynolds. Usiogope, kwenye kalkuleta ya simu andika 24,000 bonyeza alama ya kipeuo cha pili (√) mara mbili, inakuja kama 12.45. 0.316 ÷ 12.45 = 0.0254. Hii itumie kwa plastiki tu na Reynolds isizidi kama 100,000, paipu la chuma lililoshika kutu ndani lina hesabu yake na upotevu wake ni mkubwa zaidi, unaweza kufika mara mbili na hata kuzidi.

Malizia: 0.0254 × (900 ÷ 0.044) × (0.548² ÷ 19.62). Inatoka kama mita 7.9. Mtaji 18, matumizi 7.9, umepita vizuri.

Rudia hesabu ile ile kwa saizi zingine, lita zile zile 3,000, umbali ule ule. Ya 63 (inchi mbili) inakula mita 2.7 tu. Ya 40 inakula 22.9, haifiki. Ya 32 inakula mita 68! Soma tena hiyo: kutoka tundu la milimita 44 kwenda 28 upotevu umetoka 7.9 mpaka 68, zaidi ya mara nane. Sababu ni kwamba kipenyo kikipungua spidi inapanda, spidi inaingia kwenye fomula ikiwa mara yenyewe, na D ipo pia chini ya mstari, ukijumlisha yote upotevu unaenda karibu na kipeo cha tano cha kipenyo. Umbali ukiongezeka mara mbili upotevu unaongezeka mara mbili tu, lakini kipenyo kikipungua nusu upotevu unaruka karibu mara 27 kwenye plastiki. Hakuna kitu kingine kwenye laini ya maji chenye nguvu kama kipenyo.

Ukigeuza swali, ukauliza kila paipu itakupa maji kiasi gani kwa hizo mita 18 zako: ya 32 itatoa kama lita 1,400 kwa saa, ya 40 lita 2,600, ya 50 lita 4,800, ya 63 karibu 8,900.

Sasa tuje kwa fundi wa kwanza. Hii imani ya kwamba ukibana paipu presha inapanda imeenea mno na inawagharimu watu hela nyingi, so ngoja tuimalize. Inatokana na mpira wa kumwagilia, ukiziba mdomo kwa kidole maji yanaruka mbali, mtu anasema umeona, nimebana na presha imepanda. Kilichotokea ni hiki: ulipoziba kwa kidole maji yanayopita kwenye mpira yamepungua, yakipungua msuguano wa mpira mzima unapungua, ule mtaji uliokuwa unaliwa njiani sasa unafika mpaka kwenye kidole na unatumika wote kwenye ule upenyo mdogo, ndo yanaruka. Presha haijaongezeka popote kuzidi ile iliyokuwepo koki ikifungwa, na ndoo yako ukiijaza kwa kidole kimeziba itachukua muda mrefu ZAIDI. Jaribu leo nyumbani na saa mkononi. Na hapo umebana sentimita moja ya mwisho tu, fundi wako anataka kubana mita 450 nzima, na kila mita ya hizo inakula.

Namba zake: mita 450 za 63 zinakula 1.3, mita 450 za 32 zinakula 34, jumla 35 na ushee. Mtaji ni 18. Laini hiyo itakupa kama lita 2,000 kwa saa basi. Na kinachoniuma ni hiki, HDPE bei yake inafuata sana uzito wa plastiki. Mita moja ya 63 ya PN10 ina kama gramu 675, ya 32 kama gramu 180, ya 50 kama 423. Laini ya fundi ina plastiki kilo 385, laini ya 50 mwanzo mwisho ina kilo 381. Plastiki ile ile, hela karibu ile ile, moja inakupa lita 2,000 na nyingine 4,800.

Fundi wa pili, wa pampu. Inchi moja inataka mita 68, wewe unazo 18, pampu ilete 50 zilizobaki. Nguvu inayoingia kwenye maji ni 9.81 × 0.833 × 50 = kama wati 408, na pampu ndogo nyingi nusu ya umeme inapotea ndani yake, kwaiyo unalipia kama wati 800 kila saa inapowaka, miaka yote ya shamba, na kazi yote hiyo ni kupambana na msuguano wa paipu uliyoinunua ndogo. Tena ukiifunga chini shambani ndo mbaya zaidi, pampu haivuti maji kwa kamba, inanyonya, na kunyonya kuna mwisho wake, kinadharia ni mita 10 za maji ukiwa usawa wa bahari na kwenye milima kama yenu ni chini ya hapo kwa sababu hewa ni nyepesi. Usiweke pampu kwenye maji yanayoshuka yenyewe mpaka umepiga hesabu ya paipu kubwa zaidi ukaona imeshindikana.

Njia ya kupunguza gharama niliyokuahidi: 50 tupu inakupa zaidi ya unachohitaji, kwaiyo changanya 50 na 40. Mita 500 za 50 zinakula 4.4, mita 400 za 40 zinakula 10.2, jumla 14.6. Inabaki 3.4 kwa ajili ya kona, koki na makosa ya vipimo. Plastiki inashuka kutoka kilo 381 mpaka kama 320. Hapo utasema mbona na wewe umepunguza kipenyo kama fundi? Ndio, ila mimi nimepunguza kwa sababu nina mita za kuchezea, sio ili presha ipande. Na kwa kimo hiki PN6 inatosha kabisa, mita 18 ni chini ya theluthi ya inachobeba, ukuta ni mwembamba na tundu ni pana kidogo, bei nayo inashuka. Ifukie tu vizuri jembe lisiifikie.

Lakini kubwa ikae JUU, nyembamba ikae chini, usije ukageuza. Hapa panahitaji uangalifu. Milima yenu ina migongo, paipu haishuki mfululizo, inashuka, inapanda kidogo, inashuka tena. Kila sehemu ya njia lazima ardhi iwe imeshuka chini ya chemchemi kuzidi upotevu uliokwishatokea mpaka hapo. Ukianza na 50, ukifika mita ya 500 umepoteza 4.4, kwaiyo mgongo wowote hapo ukiwa mita 5 au zaidi chini ya usawa wa chemchemi uko salama. Ukianza na 40, ukifika mita ya 400 tu umeshapoteza 10.2, mgongo ulio mita 7 chini ya chemchemi unakuwa juu ya mstari wa presha (kimo ambacho presha iliyobaki inaweza kuyafikisha maji), ndani ya paipu panakuwa na mnyonyo badala ya msukumo, hewa iliyoko kwenye maji inajitenga na kukaa pale juu, kila kiungio kilicholegea kinavuta hewa na tope la nje, na baada ya siku kadhaa maji yanakatika. Watu wanafukua laini nzima wakitafuta uchafu kumbe ni hewa. Kwenye kila mgongo weka valvu ya kutoa hewa, hata tii yenye koki ndogo unayoifungua kwa mkono inasaidia, na kwenye mabonde weka koki ya kusafishia tope.

Kona na koki usizihofie sana kwenye laini ndefu. Kona moja ya nyuzi 90 kwenye spidi hizi inakula sentimita tatu nne tu, kona kumi hazifiki nusu mita. Hofia floti ya tenki. Nimeshaona mtu kavuta laini nzuri ya inchi moja na nusu halafu mwishoni kafunga floti ya nusu inchi, ile ya tenki la chooni. Lita zako 3,000 zikipita kwenye tundu la milimita 12 na nusu spidi inafika karibu mita 7 kwa sekunde, na hapo peke yake unapoteza zaidi ya mita mbili, mara nyingi zaidi ya hapo kwa jinsi floti ilivyopinda ndani. Chukua floti ya inchi moja na nusu, na ikikosekana tafuta hata ya inchi moja na robo.

Sasa ile mita 18. Umeipimaje? Kama ni kwa simu, tupa hiyo namba, simu inaweza kukosea kimo kwa mita kumi bila hata kukuonyesha dalili. Tumia mpira mwembamba unaoona ndani, ule mafundi wanapimia levo ya msingi, ujaze maji usibakie na povu la hewa, shuka nao hatua kwa hatua toka chemchemi mkijumlisha tofauti kila mnaposimama, ni kazi ya watu wawili na subira. Andika pia kimo cha kila mgongo mnaopita, utakihitaji. Na je, umepima mpaka ardhini au mpaka mdomo wa tenki? Maji yanaingilia juu ya tenki. Ukiweka simtank ya lita 5,000 yenye kimo cha kama mita mbili juu ya mnara wa mita tatu, zile 18 zimekuwa 13, na ule mchanganyiko wangu unaokula 14.6 haufanyi kazi tena. Na kama ulikuwa unafikiria kuunga mipira ya umwagiliaji wa matone moja kwa moja bila tenki, sema mapema, matone mengi yanataka kama mita 10 zibaki pale shambani, hapo zinakubakia 8 za msuguano na hata 50 inakuwa imebana mno, utaenda 63.

Halafu chemchemi yenyewe, nenda nayo mwezi wa ukame mkali sio masika, elekeza maji yote kwenye ndoo ya lita 20. Lita 3,000 kwa saa ni ndoo ijae kwa sekunde 24. Ikijaa kwa sekunde 40 basi chemchemi inatoa lita 1,800 tu, na hakuna paipu litakalokupa 3,000, upige hesabu upya kwa hiyo 1,800 na utaona hata 40 tupu inaweza kukutosha.

Ukishapima upya kimo mpaka mdomo wa tenki, kwa lita 3,000 na mita 900: ikitoka 16 na kuendelea nunua mita 500 za 50 na 400 za 40. Ikiwa kati ya 10 na 16 nunua 50 tupu. Ikishuka chini ya 10 nenda kwenye 63, hiyo inavumilia mpaka kimo cha mita 5 hivi. Na urefu pia upime kwa kamba kufuata njia ya mtaro, sio mstari ulionyooka wa kwenye ramani, milimani mita 900 za ramani zinaweza kuwa 1,000 chini, na kila mita 100 za ziada kwenye 40 zinakula mita 2 na nusu.